Aliyeitika Nyuma ya Pazia

Unguja, usiku wa kuamkia safari yako, 1973

Mwanangu Asya,

Salamu tutapeana kesho bandarini Malindi, mkono kwa mkono, kwa hiyo humu siziweki. Wala sitakuandikia habari za mafuta ya nywele, kanga za akiba na karatasi ya ruhusa ya kusafiri. Vyote vimo sandukuni na orodha yake nimeibandika ndani ya kifuniko, unanijua. Umelala chumba cha pili. Nina jambo ambalo nimejaribu mara nne kukwambia kwa mdomo, na mara zote nne nikaishia kukuuliza kama umeshakula.

Kesho, meli ikifunga gati Dar es Salaam, atakayekupokea ni Zuhura. Unajua kwamba ni mtu wa mtaani kwetu, kwamba alikuzidi miaka mitatu na mlikuwa mkichora pamoja Ukumbini, na kwamba utakaa kwake mpaka chuo kifungue. Usilolijua ni kwamba kwa miezi minne nililitumia jina lake bila yeye kuwepo, na nililitumia kwa mdomo wako. Unakumbuka vipande, najua, lakini unavikumbuka kama mchezo. Yeye hajui kabisa. Sitaki umpe mkono na kula chakula chake kabla hujajua tulimfanyia nini. Ukishasoma ukaona huwezi kukaa kwake, mke wa mjomba wako yupo Magomeni na hatakufukuza. Uamuzi ni wako.

Nimeyatoa madaftari yangu ya mwaka 1965 nikayapanga mezani, ili nisijipendelee. Kichwa cha mtu humhurumia mwenyewe.

Wewe unaukumbuka Ukumbi wa Mtaa kama mahali pa kelele. Mimi naukumbuka kama ghala. Lilikuwa ghala la karafuu chini ya nyumba ambayo wenyewe walishaondoka, na tawi la chama la mtaa lilitupa ufunguo kwa masharti mawili: watoto wa Ng'ambo na wa Mji Mkongwe wachanganyike, na kila Jumamosi alasiri mahudhurio yasomwe. Nilikuwa nasomesha darasa la tatu, nimemaliza sekondari, na mwandiko wangu unasomeka. Wakanipa ukatibu. Msanii hasa alikuwa Maalim Sudi, aliyepiga fidla harusini na kuandika mabango ya maduka. Tulizipaka kuta chokaa mara mbili na harufu ya karafuu haikutoka. Picha tulizining'iniza kwa kamba za usumba kutoka kwenye boriti, kwa sababu msumari haukai katika ukuta wa mawe ya matumbawe. Rangi zetu zilikuwa bluu ya kufulia, bizari ya manjano na masizi ya sufuria, na tulichora juu ya vipande vya kitambaa cha marekani tulivyovipaka wanga wa muhogo mpaka vikasimama kama mbao. Mwisho wa ukumbi palikuwa na jukwaa la makasha, na mbele yake pazia, marekani vilevile.

Desturi ya Maalim Sudi ilikuwa kwamba mahudhurio ndiyo mazoezi ya sauti. Watoto wote hukaa nyuma ya pazia. Mimi hukaa mlangoni na daftari, nasoma jina, na mwenye jina huitika "Naam" kwa sauti ya kufika nje barazani walikokaa wazee.

"Nataka mpita njia ageuke!" alikuwa akiwaambia. "Si naam ya kuku mwenye kideri."

Na wazee kule nje walicheka na kukisia. "Huyo wa kwa Fatma huyo." "Huyu leo kala nini, mbona sauti ya baba yake?" Ndivyo Ukumbi wetu ulivyohesabu watu, kwa masikio. Uso wa mtoto haukuonekana mpaka pazia lifunguliwe, na wakati huo alama nilikuwa nimeshaziweka.

Zuhura alikuwa wa mwisho katika orodha, na naam yake ilikuwa ndefu, ina mvumo mwishoni, kama sauti inayobaki ndani ya mtungi. Bibi yake, Bi Time, alikuwa akija kila Jumamosi kwa ajili ya naam hiyo moja. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu; picha hakuziona, michezo hakuiona. Alikaa barazani na mkongojo wake mapajani, akasubiri majina ishirini na tano yapite, akasikia la ishirini na sita, akasema, "Haya, nshasikia changu," akaenda zake.

Daftari, Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu: "Nyumba ya kina Z. ina kufuli tangu Alhamisi. Hawakuaga."

Siku zile kila mtu alijua maana ya kufuli bila kuaga. Mtu haondoki kisiwani bila karatasi, na akiondoka, waliobaki ndio wanaoulizwa. Bi Time alikuwa akiishi peke yake, chumba kimoja, kichochoro cha pili. Hawakumwambia. Nadhani walitaka akiulizwa aape kwa haki kwamba hajui.

Alasiri ile ile mtu wa tawi akaja. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Akakaa barazani katikati ya wazee, karatasi juu ya goti, tayari kuchora mstari kila atakaposikia naam. Nikawaza Ukumbi kufungwa. Nikawaza Bi Time, na macho yake yale, akiitwa kwenda kujibu maswali. Hayo ndiyo niliyojiambia kwa miaka. Daftari la siku ile lina sentensi nyingine, nami nainakili kama ilivyo: "Nimeogopa kwa ajili yangu."

Nikaingia nyuma ya pazia, nikakuinamia sikioni.

"Asya, ukishaitika jina lako, nyamaza. Nikifika kwa Zuhura, itika tena. Kama yeye."

"Kama yeye kabisa?"

"Kabisa."

Ulifurahi. Ulikuwa na miaka tisa na hakuna mtu katika mtaa ule ambaye hukuweza kumwiga, hata mwadhini. Nilirudi mlangoni nikasoma majina ishirini na tano, kisha nikasoma lile. Ukaitika. Nilitegemea kusikia mtoto akiiga. Nilisikia naam yake, na mvumo wake, na hata ule ukimya mfupi aliokuwa nao kabla ya kufungua mdomo. Mtu wa tawi akachora mstari. Mimi nikaweka alama.

Wazee wetu wanakatazana jambo moja: ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usiitike mpaka mara ya tatu, maana huenda si mtu. Mimi nilisoma, nikaliweka jambo hilo pamoja na hadithi za kuwatisha watoto. Lakini hata hao wazee hawakuwahi kusema lolote kuhusu mtoto anayeitika jina la mwenzake asiyekuwepo. Nafikiri hawakudhani kuna mama atakayemfundisha.

Pazia lilipofunguliwa na watu wakaanza kuingia kutazama picha, Bi Time akaupapasa mlango mpaka akaupata mkono wangu.

"Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe yumo! Mie nimebisha kwao siku tatu, kufuli tu. Nshaanza kusema, hawa wamenikimbia?"

Pale palikuwa na nafasi. Ukumbi ulikuwa na kelele, mtu wa tawi ameshaondoka, na mkono wa bibi ulikuwa ndani ya mkono wangu. Nimezipima sekunde zile mara nyingi na zilikuwa zinatosha.

"Wamehamia Mbweni, bibi," nikasema. "Huyu huja na gari Jumamosi, na gari halimsubiri."

"Bila ya kunambia?"

"Walikuwa na haraka."

"Basi usimsumbue. Mwambie bibi yake kamsikia."

Maalim Sudi alikuwa karibu, anafunga kamba ya picha. Yule bwana alikuwa na mzaha kwa kila jambo, hata msibani. Safari hii alinitazama tu. "Mwalimu," akasema, "huo mlango umeufungua. Hebu nambie utaufunga vipi."

Nilimwambia ni wiki moja tu.

Wiki ya pili Bi Time alikuja na visheti ndani ya kitambaa. "Vya Zuhura. Huko Mbweni nani atampikia?" Nikavipokea. Nilikupa wewe, kwa kuwa chakula hakitupwi na mimi sikuweza kuvitia mdomoni. Ulikaa juu ya kasha, ukala, ukasema bila kunitazama, "Bibi leo kazidisha iliki."

Hukuwahi kula visheti vya Bi Time kabla ya siku hiyo. Nilikuuliza "leo" maana yake nini. Ulinitazama kama mtu aliyeulizwa njia katika mji asioujua.

Nikaendelea. Wewe unanijua napenda mpango, na uongo nao una mpango wake: lazima ukumbuke gari la Mbweni linaondoka saa ngapi, nani anaumwa huko, ndugu gani kazaliwa. Niliyaandika yote ukurasa wa nyuma wa daftari, kwa mistari, ili nisijikanyage. Mwandiko ni mzuri kuliko wa kurasa nyingine zote.

Wiki ya sita Bi Time akaomba amshike mjukuu wake. "Mara moja tu. Gari litangoja." Nilikuita. Ulitoka nyuma ya pazia na bluu ya kufulia vidoleni, ukasimama mbele yake. Alikupapasa paji la uso, pua, kidevu. Mimi nilikuwa nimeshaandaa la kusema akigundua, na ndani yangu, wallahi, nilikuwa naomba agundue.

"Umekonda, Zuhura," akasema.

"Naam, bibi."

Sikukuagiza kusema hivyo.

Kuanzia hapo mambo ya nyumbani yakabadilika. Nilikuwa nikiita "Asya!" kutoka uani, kimya. Naingia, nakukuta umekaa mkekani, macho wazi, mikono mapajani.

"Mbona huitiki?"

"Nimeitika, mama."

Mara ya kwanza nilikugombeza. Mara ya tatu nilikaa mlangoni, nikakuita huku nakutazama. Midomo yako ilifunguka na kufunga. Sauti haikutoka, na wewe uliridhika kabisa kwamba imetoka. Bibi yako mzaa baba, Mungu amrehemu, alisema una upepo mbaya. Mimi nikasema ni mafua.

Na kuna ile picha. Zuhura aliacha kipande chake cha marekani nusu: mlango wa kwao, ngazi tatu za mwanzo, basi. Kilikuwa kinaning'inia kwenye boriti kama alivyokiacha. Jumamosi moja ya mwezi wa tano tulifungua Ukumbi tukakuta ngazi zimefika juu, na juu kuna chumba, na chumbani kuna saa ya ukutani isiyo na mishale. Maalim Sudi aliwahi kupaka rangi madirisha ya nyumba ile. Alisimama mbele ya picha akavua kofia yake. "Saa hiyo ipo," akasema. "Ipo hivyo hivyo." Wewe hukuwahi kupanda ngazi zile hata siku moja, kina Zuhura hawakuwa watu wa kukaribisha watoto. Nilivitazama vidole vyako. Vilikuwa safi.

Daftari la usiku ule lina mstari mmoja: "Nilipitia orodha kimoyomoyo, bila sauti. Nilipofika jina la mwisho A. aliitika kutoka jikoni." Kwa hiyo jina lako mwenyewe hukulitolea sauti hata nikipiga kelele, na lile la mwenzako uliliitika hata nisipolitamka. Nilipaswa kuacha siku ile. Niliandika vizuri, nikafuta wino, nikalala, na Jumamosi nikasoma tena. Kama utataka kujua mama yako alikosea wapi hasa, si pale mwanzo nilipoogopa. Ni hapa, nilipokuwa nimeshajua.

Mwezi wa saba mtu wa tawi alinivuta kando baada ya mahudhurio.

"Mwalimu, lifute lile jina la mwisho."

"Jina gani?"

"Wale wameondoka tangu mwezi wa tatu. Sisi tunajua tangu wiki ile ile. Tulidhani wewe ndiye hujui." Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Nimeona unasoma, naye anaitika, nikasema basi, labda yupo Zuhura mwingine. Karatasi yangu inataka ishirini na sita, napata ishirini na sita. Lakini sasa orodha inakwenda juu. Lifute."

Kwa hiyo hapakuwa na hatari. Hapakuwahi kuwa na hatari. Miezi minne nilikuwa nailinda nyumba isiyoshika moto. Nilitaka kucheka pamoja naye, nikamwambia ukweli: "Ni mwanangu aliyekuwa akiitika. Asya. Anajua kuiga watu."

Akaacha kucheka. "Asya huyu wako mdogo?"

"Huyo."

"Leo nimekutana naye dukani kwa Mhindi, ananunua bluu ya kufulia. Tumerudi naye pamoja. Tumefika hapa barazani ulikuwa unamalizia." Akakipapasa kifuniko cha kalamu yake. "Nimeisikia ile naam nikiwa nimemshika mkono."

Nilikutafuta. Ulikuwa umesimama mlangoni na kifurushi cha bluu, unaangalia pazia.

Maalim Sudi ndiye aliyekutuma. Rangi ilikuwa imekwisha. Jina lako, la kwanza katika orodha, nililisoma siku ile na nikaweka alama, kwa mazoea, bila kusikiliza kama umeitika. Nimeitazama alama hiyo usiku huu. Ipo.

Nilifuta jina. Nilitumia rula, mstari mmoja mwekundu. Jumamosi iliyofuata nilikukalisha mlangoni miguuni pangu, mgongo wako ukiegemea magoti yangu. Nikasoma majina ishirini na tano. La mwisho lilikuwa Yusuf, mtoto wa Ng'ambo, akaitika kwa nguvu wazee wakacheka. Nikafunga daftari.

Palipita kitambo kidogo, kama kile alichokuwa nacho Zuhura kabla ya kufungua mdomo. Kisha nyuma ya pazia, ndefu, yenye mvumo:

"Naaam."

Hukutikisika. Nilikuwa nimekushika mabega. Nyuma ya pazia watoto walinyamaza wote kwa pamoja, na watoto ishirini na wanne hawanyamazi hivyo. Maalim Sudi aliweka fidla yake chini. Nje, barazani, Bi Time akapiga mkongojo sakafuni kwa furaha.

"Haya! Nshasikia changu."

Yeye peke yake ndiye aliyefurahi katika jengo zima.

Baada ya siku hiyo sikusoma mahudhurio tena. Nilimwambia mtu wa tawi nitahesabu vichwa, naye hakuniuliza sababu. Pazia tulilishusha tukalikata vipande vya kuchorea. Michezo ikachezwa waziwazi, watoto wakibadilisha nguo nyuma ya makasha. Taratibu ukaanza tena kuitika ukiitwa, kwa sauti, kwa jina lako. Na ukitaka kujua kwa nini tangu hapo mama yako huvuka nyumba nzima kuja kukugusa bega badala ya kukuita, ni kwamba siwezi kustahimili ule muda kati ya kuita na kuitikiwa.

Lakini sikuzungumza na Bi Time. Alikuja wiki tatu, akasubiri, hakusikia majina. Nilimwambia gari la Mbweni limeharibika. Wiki ya nne hakuja.

Mwaka jana ilikuja barua kutoka Dar es Salaam. Wakati ule sisi mtaani tulikuwa na imani yetu, Maalim Sudi naye alikufa nayo: kwamba mashua yao haikufika, na kwamba aliyekuwa akiitika ni mtoto aliyezama. Nilikwishamsomea hitma kimyakimya. Kumbe mzima. Walifika Mombasa, akasoma, akaolewa, mumewe akahamia Dar, naye anashona nguo za watoto. Unayajua hayo, nilikusomea. Kuna ukurasa ambao sikukusomea, nao naunakili:

"Mwalimu, mwaka ule wa kwanza nilikuwa kama bubu. Nikiitwa nilikuwa natia pumzi niitike, na kabla sijafungua mdomo nahisi nimeshaitika, mahali pengine, na sauti imeshatumika. Walimu walinipiga kwa ujeuri. Mama alinipeleka nikasomewa. Jumamosi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ikaja kuniacha yenyewe, sijui kwa nini."

Nimeusoma ukurasa huo nikiwa nimesimama, nikausoma nikiwa nimekaa. Ningekuwa na nafuu kama angekuwa amekufa. Tazama mtu anavyoweza kuwa: naandika sentensi hiyo na ni kweli. Maiti ingekuwa imekuja kuitika yenyewe. Mtoto aliye hai ni mimi niliyemchukulia sauti yake.

Nimemwandikia yote, mahudhurio, visheti, Mbweni. Bahasha yake iko juu kabisa ya nguo zako, sijaifunga, isome kama unataka. Yote isipokuwa jambo moja, kwa sababu katika jambo hilo tulikuwa wawili, na si haki nilitoe bila ruhusa yako.

Bi Time alifariki mwezi wa nane mwaka ule. Jirani alitutumia salamu kwamba amezidiwa, tukaenda, mimi na wewe. Ilikuwa baada ya adhuhuri, jua limeingia dirishani mpaka kwenye kitanda. Alikuwa amelala ubavu, mdogo kuliko nilivyomjua. Hakututambua. Nilikuwa nimeapa, Asya, nimeapa kwa msahafu, kwamba uongo ule haurudi tena nyumbani kwangu.

Akaita, "Zuhura."

Nilikusikia unavuta pumzi. Ulikuwa karibu nami, na najua ulikuwa unataka kuitika, na safari hii hakuna aliyekuagiza. Ulikuwa mtoto unayemsikia bibi anaita mjukuu. Nikakuziba mdomo kwa kiganja.

"Zuhura." Alikuwa ameinua kichwa kidogo, sikio limeelekea mlangoni.

Ulinishika mkono kwa mikono yako miwili. Sikuuondoa. Na mimi, niliyeiogopa ile sauti wiki zote zile, nilikuwa naisikilizia. Niliomba ije. Chumba kilikuwa kimya, kichochoro kilikuwa kimya, sijapata kusikia kichochoro cha Mji Mkongwe kikiwa kimya hivyo mchana.

"Zuhura."

Hakuna.

"Haya," akasema Bi Time, akageukia ukutani, na hakugeuka tena.

Ulipokuwa na miaka kumi na mbili uliniuliza kwa nini unaota mkono mdomoni, nami nikakwambia ni ndoto tu, usome dua kabla ya kulala. Haikuwa ndoto. Nilisema uongo miezi minne ulipokuwa hauna faida kwa mtu yeyote ila mimi, nikashika ukweli dakika ile moja ambayo neno lako moja lingemwacha bibi wa watu alale. Sijui kama hilo ni kosa la pili au ni la kwanza lile lile. Nimelifikiria kwa miaka minane na daftari halinisaidii. Ukurasa wa siku ile niliuacha mtupu.

Zuhura mwishoni mwa barua yake ameuliza swali moja: bibi yake alimwita kabla hajafa? Nilimjibu mwaka jana ule ule kurasa mbili za mazishi, nani alimwosha, watu walivyojaa, nikaliruka. Humo niliandika kwamba ulikuwepo, kwa hiyo anajua. Atakuuliza wewe, labda si kesho, labda siku mtakapokuwa mnashona na mnacheka.

Sitakwambia la kumjibu, wala sitakukataza. Mdomo ni wako.

Mama yako